Kidoti kwenye Paa la Dobi

Mvuke alikuwa ameshika pembe mbili za shuka bichi, na Redio ameshika nyingine mbili, wanalikung'uta kabla ya kulianika, ndipo aliposikia sauti ile. Vidole vikamlegea. Upande wake wa shuka ukaanguka juu ya saruji.

"Wee! Hilo atalifua nani tena?" Redio akafoka.

Mvuke alikuwa ameinua kidole hewani, kinywa wazi, shingo imekakamaa. Sauti ikaja tena. Miluzi mitatu myembamba, kila mmoja chini ya mwenzake, kama mtu anayeshuka ngazi kwa miguu mitupu. Kimya kidogo. Kisha mluzi wa nne, mzito, wa chini kabisa, kana kwamba ndege anajijibu mwenyewe.

"Hapana," akasema Mvuke. "Hapana, haiwezekani."

Wanawake hawa wawili walifanya kazi kwa dobi mkubwa wa mtaani. Chini kulikuwa na mashine za kufulia, katikati meza za pasi, na juu, kwenye paa la saruji, kamba zilizojaa mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Mvuke aliitwa hivyo kwa sababu ya ile pasi kubwa ya mvuke; kila alipoifungua alipotea ndani ya wingu, na wenzake wakawa wanamuuliza kama bado yupo. Redio aliitwa hivyo kwa sababu hazimiki. Siku hiyo pasi ilikuwa imeharibika, fundi amelala chini yake tangu asubuhi, na ndiyo maana Mvuke alipandishwa juu kusaidia kuanika. Isingekuwa hivyo asingesikia chochote.

Akapita kati ya kamba, akiyapangua mashuka kwa mikono, mpaka akafika kwenye tangi la maji. Juu ya bomba linaloingia tangini alikuwa ametua ndege mdogo, hajazi kiganja. Mgongo rangi ya gome la mdalasini. Koo jekundu lililofifia. Na kwenye paji la uso, katikati kabisa, doa moja jeupe la mviringo, kama limewekwa kwa ncha ya kidole kilichochovywa kwenye unga.

Akakaa chini pale pale, kwenye maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye mashuka, na sketi yake ikalowa bila yeye kujali.

Redio alikuja mbio. "Una nini? Presha? Nikaite mtu?"

"Ndege wa kwetu," Mvuke akanong'ona.

"Ndege ya kwenu? Imetua? Kaja nani?"

"Siyo ndege ya kupanda, wewe! Ndege! Yule pale. Wa kwetu."

Redio akakodoa macho kuelekea kwenye bomba. "Aa. Kazuri. Sasa ndiyo unakalia maji?"

Ilikuwa vigumu kumweleza. Alikozaliwa Mvuke kulikuwa na mlima, na juu ya mlima msitu ambao wingu halikuuacha hata saa sita mchana. Ndege huyu, kidoti kama walivyomwita kwa lile doa lake, aliishi humo tu. Hakushuka bondeni, hakuvuka mto, hakuonekana hata kwenye mlima wa jirani ambao ulikuwa wazi kabisa kwa macho. Watu waliosoma habari za ndege walisafiri kutoka mbali, wakalala kwenye matope siku nzima, na wengine wakarudi bila kumwona. Aliyewaongoza wageni hao alikuwa kaka yake Mvuke, mzaliwa wa kwanza. Baba yao alipofariki, kaka huyo ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni njia za msituni, akamfundisha kunyamaza, akamfundisha kupiga ile miluzi mitatu na kusubiri wa nne. Halafu msitu ukaanza kukatwa, kipande baada ya kipande, na mwaka Mvuke alipokuwa amekwisha kuzoea maisha ya ugenini, kaka alimwambia kwa simu: "Vidoti wamekwisha, mdogo wangu. Usiniulize tena, utanitonesha."

Tangu hapo Mvuke hakuuliza. Na sasa huyu hapa, juu ya bomba la maji, nchi ya mbali, anatingisha mkia.

"Mpige picha basi," Redio akasema. "Ataruka."

Lakini ndege hakuruka. Alijaribu. Alifungua mabawa, la kushoto likafunguka vizuri, la kulia likafika nusu likakataa, akapepesuka na kuangukia ndani ya beseni la vibanio. Mvuke akainuka kwa kasi ambayo mwenyewe hakuijua, akachomoa foronya kwenye kamba, akamfunika. Alipompenyezea mkono akausikia moyo wake ukienda mbio kwenye vidole vyake kama cherehani.

Akamtazama kwa karibu. Manyoya ya bawa la kulia yalikuwa yamegandana kwa kitu cheusi, cha kunata. Akakinusa. Alikijua mara moja: ulimbo, utomvu wa mti unaochemshwa na kupakwa kwenye vijiti ili ndege akitua anase. Watoto wa kwao walikatazwa kuugusa. Na kwenye mguu, uzi mwekundu, mwembamba, umezungushwa mara kadhaa na kufungwa.

Mshtuko wa kwanza ulikuwa wa furaha iliyochanganyika na woga, kama mtu aliyemwona marehemu sokoni. Huu wa pili ulikuwa wa baridi. Ndege huyu hakupotea na upepo. Aliletwa.

Hawakupata muda wa kuzungumza. Walisikia viatu kwenye ngazi. Msimamizi wao akatokea, nyuma yake mwanamume mmoja mnene aliyepandisha miwani ya jua kichwani. Mvuke aliwahi kumwona akifungua duka lake la kasuku na samaki wa mapambo, mtaa wa nyuma. Akaiteremsha foronya taratibu ndani ya kikapu cha nguo na kukifunika kwa taulo.

"Huyu bwana kapoteza ndege," akasema msimamizi. "Anadhani kaingia huku."

"Ni wa mwanangu," yule mtu akasema, huku macho yakipekua kamba. "Katoka kizimbani tulipokuwa tunasafisha. Mtoto analia, hali chakula. Mdogo hivi, ana doa jeupe hapa." Akajigusa kwenye paji la uso.

Redio ndiye aliyejibu, tena kwa uso mkavu.

"Kaka yangu, hapa kinachoruka ni soksi tu. Juzi imeruka moja ya daktari mkuu mpaka leo tunaitafuta. Ukiiona na wewe utuambie."

Yule mtu hakucheka. Alizunguka paa lote, akainama chini ya tangi, akapita karibu kabisa na kikapu, kisha akaondoka akimwachia msimamizi namba yake ya simu. Walipobaki peke yao Redio akashusha pumzi ndefu.

"Mtoto gani huyo wa kwake? Huyu bwana nakaa naye jengo moja. Hana mtoto, hana hata mke. Ana vizimba mpaka bafuni, majirani wanalalamikia kelele." Akamshika Mvuke bega. "Haya sasa. Tumeshaiba ndege. Tunafanya nini?"

Saa ya chakula Mvuke alijifungia kwenye chumba cha sabuni, kikapu miguuni, akampigia kaka yake. Hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumpa habari ile. Alikosea namba mara ya kwanza.

"Kaka, umekaa?"

"Nimekaa. Kuna nini? Mbona unahema?"

"Kaka, nimeona kidoti."

Akaibana simu sikioni.

"Kaka, unanisikia? Kidoti! Huku! Ninaye hapa kwenye kikapu, mzima, dume, kapiga mluzi wake wote mpaka ule wa chini. Nilidhani narukwa na akili. Bawa lake moja limegandana, haruki, sijui nimpe nini, sijui nimshike vipi, wewe ndiye unayejua..."

"Bawa liache," kaka yake akasema upesi, kwa sauti ile ya zamani ya msituni. "Usilivute, utang'oa manyoya. Paka mafuta ya kula kidogo kidogo, usiku kucha ikibidi, mpaka ulimbo ulegee. Muweke gizani, atatulia. Na ule uzi ukate kwa wembe, usitumie mkasi, mguu wake utav..."

Akanyamaza.

Nje ya mlango mashine zilikuwa zinazunguka, na mtu alikuwa anaita jina lake aje kula.

"Uzi gani, kaka?"

Mvuke akakitazama kikapu.

"Sijakwambia habari ya uzi. Wala ulimbo sijautaja."

"Mdogo wangu."

"Uzi gani?"

Alimsikia akikohoa, akamsikia pia mtu mwingine huko nyuma akimwuliza ni nani anayepiga simu. Pengine mama. Kisha mlango ukafungwa huko, na kaka akaanza kusema kwa sauti ya chini, maneno yakipandana. Kwamba walikuwa wamebaki wachache, kwenye korongo la juu, mahali ambapo hakuwahi kumpeleka mgeni yeyote. Kwamba alimwambia kila mtu wamekwisha ili wasisumbuliwe. Kwamba akaja mtu, mtu mstaarabu, akamwambia msitu ule hauna miaka mingi na njia pekee ni kuwazalisha mahali pengine.

"Madume niliwafunga uzi mwekundu wasichanganywe na majike," akasema. "Nilitaka watunzwe vizuri."

"Uliwashika wote?"

"Siyo wote."

"Wamebaki wangapi?"

"Sijui. Labda jozi moja. Sijapanda juu tena, siwezi kupanda."

Mvuke alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. Alikuwa anautazama mfuko wa sabuni mbele yake, anasoma maandishi yake mara kwa mara, wala hajui anasoma nini. Huyu ndiye mtu aliyempiga kofi, kofi la pekee maishani, siku alipookota yai kwenye kiota.

"Na ile pikipiki?" akauliza. "Uliyosema umepewa na wageni?"

Kaka akarudia habari ya msitu.

"Huku wako kwenye vizimba bafuni, kaka. Bafuni kwa mtu! Nani anawazalisha humo?"

"Niliamini," akasema. "Naapa niliamini. Nilitaka kuamini, nikaamini."

"Nenda kwa askari wa msitu. Leo. Ukawaambie mwenyewe."

"Unanitaka nikafungwe?"

"Nataka uende mwenyewe kabla sijaulizwa."

"Utanitaja?" Sauti yake ikapanda. "Wewe? Utanitaja mimi?"

Mvuke alikata simu. Siyo kwa ushujaa. Aliogopa jibu lake mwenyewe.

Redio ndiye aliyejua hospitali ya wanyama, ng'ambo ya pili ya mji, kwa kuwa aliwahi kumpeleka paka wa jirani. Walimdanganya msimamizi kwamba Mvuke kapandwa na presha, uongo ambao haukuwa mbali na ukweli, wakaondoka na kikapu. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyenyoa nywele karibu na ngozi, mwenye mikwaruzo mikononi. Alichungulia ndani ya foronya, akaifunga. Akaifungua tena. Kisha akavuta kiti, akakikosa, akajikuta amekaa sakafuni.

"Mmempata wapi?"

"Kazini. Juu ya paa."

"Huyu nimemsikia kwenye rekodi tu," daktari akasema. "Nilipokuwa chuoni. Mwalimu alituambia sauti hii haipo tena." Akamtazama Mvuke. "Wewe umemjuaje?"

"Wa kwetu."

"Kafikaje huku?"

Redio alimgeukia Mvuke. Mvuke akaangalia vidole vyake. "Sijui," akasema. "Lakini yupo bwana mmoja anamtafuta, ana duka. Anza na huyo."

Daktari hakusisitiza. Alifanya kazi yake: mafuta, pamba, wembe mdogo kwa ule uzi. Aliukata uzi bila kuvuta, akauweka ndani ya chupa. Kidoti alitulia kwenye giza la sanduku, na Mvuke akarudi nyumbani na kikapu kitupu.

Asubuhi alimpigia kaka yake. Simu imezimwa. Akapiga kabla ya kazi, akapiga saa ya chakula, akapiga alipotoka. Imezimwa. Akampigia mama, akazunguka zunguka na salamu, ndipo akauliza kaka yuko wapi. "Katoka alfajiri na pikipiki," mama akasema kwa furaha. "Kasema ana safari ya siku chache. Hakukuaga?"

Basi hakuwa ameenda kwa askari wa msitu. Mvuke aliinamisha kichwa kwenye meza ya jikoni. Alikuwa amemwomba Mungu jambo moja tu, kwamba asiwe yeye wa kumtaja kaka yake.

Alirudi kwa daktari peke yake. Alimkuta na watu wawili wa idara ya wanyamapori, wameshajiandaa kwenda kwenye duka la yule bwana. Waliinuka kumpisha. Akabaki amesimama mlangoni, mkoba kifuani, akasema yote kwa pumzi moja, tangu korongo la juu mpaka uzi mwekundu, na mwisho akataja jina la kaka yake, jina kamili, pamoja na la baba yao. Alipomaliza daktari akamletea maji. Akayaweka mezani bila kuyanywa.

Kwa mwenye duka walikuta vidoti wengine wanne. Wawili walikuwa hai. Walikuta pia vipande vya bomba la plastiki, vyembamba, vimetobolewa ili ndege aliyefungiwa ndani apate hewa, na koti lenye mifuko iliyoshonwa kwa ndani kuvipokea hivyo vipande. Redio, aliyesimama kwenye korido ya jengo akitazama vizimba vikitolewa, alimsimulia Mvuke kila kitu isipokuwa vile vipande vya bomba. Hivyo Mvuke alivisikia kutoka kwa daktari, na alitoka nje kabla daktari hajamaliza.

Kaka alikamatwa siku ya nne, kwa shemeji yake, mji wa tatu kutoka nyumbani. Hakukimbia alipoona gari.

Wifi alipiga simu jioni ile ile. Mvuke alipokea akiwa ameshajiandaa kwa matusi, lakini wifi hakutukana. Alisema taratibu, kila neno likisimama peke yake. "Umemfunga ndugu yako kwa ajili ya kindege kisichojaza kiganja. Watoto wananiuliza shangazi kafanya nini. Niwaambieje? Nifundishe wewe, niwaambieje?"

"Wifi," Mvuke akaanza, na wifi akakata. Mama alikaa wiki nzima bila kupokea simu yake. Alipopokea, aliuliza hali ya hewa ya huko, akaaga.

Kazini pasi ilishatengenezwa. Mvuke aliifungua na kuifunga, akapotea kwenye wingu na kurudi, na mara mbili aliunguza vitu ambavyo hakuwahi kuviunguza hata siku ya kwanza ya kazi. Redio alimfunikia mbele ya msimamizi. "Lawama nibebeshe mimi," akamwambia. "Mimi nimezoea kusemwa."

Kaka alipewa dhamana kusubiri kesi, kwa sharti kwamba awapandishe askari wa msitu mpaka korongo la juu. Mvuke alipata habari hizo kwa daktari, aliyepewa na watu wa idara. Walikaa huko siku mbili kwenye ukungu. Waliwaona wawili, jike na dume, na kiota. Sasa kulikuwa na sababu ya kuwarudisha hawa watatu, lakini si leo wala kesho. Vipimo, vibali, karantini. Na yule wa kwanza, yule wa kwenye paa, alikuwa hali chochote. Alipewa wadudu wa kila aina, akawatazama, akageuza kichwa. Alishaanza kutokeza mfupa wa kifua.

Siku hiyo Mvuke alikuwa anapanga foronya kwenye rafu simu ilipoita. Namba ya nyumbani, ile ya kaka. Alikaa anaitazama mpaka ikakaribia kukatika, ndipo akapokea.

Kaka hakumsalimu. "Anakula?"

Mvuke akaegemea rafu. Sauti ile ilikuwa imezeeka. "Hali," akasema. "Wamempa funza, wamempa panzi wadogo. Hataki."

"Panzi hawajui. Mpeni buibui. Wale wadogo wa kwenye magome. Wawe hai, wawekwe kwenye gome, siyo kwenye sahani. Hali kwenye sahani."

"Nitawaambia."

Kaka alibaki kwenye simu. Mvuke alisikia upepo, na mbali kabisa kuku. Alikuwa na maneno mengi. Yapo aliyoyapanga usiku kitandani, makali, na yapo ya kuomba radhi, na hakujua yapi yatatoka akifungua kinywa. Kaka akasema, "Haya," na simu ikakatika.

Mvuke akampigia daktari.

"Buibui," akasema. "Walio hai, juu ya gome la mti."

"Buibui?" Alimsikia daktari akimwita mtu, akimtuma bustanini sasa hivi. "Nani kakuambia?"

"Kaka yangu," akasema Mvuke.